Yule "mtu mweusi" wa kwenye noti ya dola mbili ni nani hasa?

Mama mdogo alituma kwenye grupu la familia picha ya nyuma ya noti ya dola mbili ya Marekani, ile yenye wanaume kibao ukumbini, wengine wamekaa wengine wamesimama, na mmoja wao kazungushiwa duara jekundu. Chini yake maandishi marefu: huyu ni mtu mweusi, jina lake John Hanson, ndiye rais wa kwanza wa Marekani kabla hata ya George Washington, ila wazungu wamemficha miaka yote hii. Chini zaidi kuna picha nyingine ya mzee mweusi wa zamani kavaa koti, imewekwa kama ushahidi. Nusu saa haijaisha grupu zima limeshawaka, binamu anasema yeye alijua siku nyingi, shangazi anauliza mbona shuleni hatukufundishwa, na mjomba akanifuata pembeni, "Wewe mwanangu unayependa mambo ya historia, hebu tuambie, ni kweli au wanatuzuga?"

Nikamwomba siku mbili, zikawa wiki tatu. Kilichonichelewesha ni kwamba ule ujumbe haukuwa uongo mmoja wa kukanusha ukalala, ni mafundo matatu yamefungwa kwa kamba moja: kuna sura ya mtu kwenye noti, kuna jina la mtu wa Maryland, na kuna picha ya mtu wa Liberia. Wote watatu waliishi kweli, kila mtu na maisha yake, na ukiwaunganisha unapata mtu wa nne ambaye hajawahi kuzaliwa. Kwa hiyo naenda fundo moja moja, na naomba uvumilivu maana fundo la kwanza ndo refu.

Tuanze na noti yenyewe. Mbele kuna Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na jina lake liko chini ya picha, hapo hakuna ubishi. Nyuma ndo kuna ule umati, na maandishi yaliyopo yanataja tukio tu, Azimio la Uhuru, 1776, yaani tangazo la Marekani kujitenga na Uingereza. Hakuna jina hata moja la wale waliomo. Noti yenye sura hiyo ilitoka tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa ya Jefferson, mwaka ambao Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200, na kabla ya hapo nyuma yake kulikuwa na nyumba ya Jefferson inayoitwa Monticello, halafu uchapishaji ukasimamishwa 1966 mpaka walipoirudisha. Hata kwao haizunguki sana, watu wanaiweka ndani ya kitabu kama kumbukumbu. Huku kwetu ndo kabisa, unaweza kubadilisha dola miaka 20 usiishike hata mara moja, na kitu usichokishika ni rahisi kuambiwa chochote juu yake.

Sasa kwa nini mbele kuna jina na nyuma hakuna? Hapa kuna sheria. Mwaka 1866 Marekani ilipiga marufuku kuweka picha ya mtu aliye hai kwenye pesa zake, na aliyesababisha ni afisa mmoja wa serikali, Spencer Clark, aliyekuwa anasimamia ofisi ya kuchapa noti na ambaye uso wake mwenyewe ulitokea kwenye noti ndogo ya senti tano, bunge likakasirika sana. Mpaka leo sheria yao inasema picha iwe ya mtu aliyekwishafariki na jina lake liandikwe chini ya picha. Lakini sheria inazungumzia picha ya mtu, yaani ule uso uliowekwa rasmi kama uso wa noti. Mchoro wa tukio lenye watu 40 na kitu ndani yake haubanwi na sharti la majina, na hata wangetaka kuyaandika yangekaa wapi? Noti nzima ina urefu wa milimita 156 na kimo cha 66. Hapo kwenye ukimya wa majina ndipo uvumi ulipopata mlango.

Na hili la kutofautisha picha ya mtu na mandhari yenye mtu ndani yake msidhani ni la Wamarekani peke yao. Majirani zetu Kenya walifikishana mahakamani. Katiba yao ya 2010, ibara ya 231, inasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote, zioneshe Kenya na mambo ya Kenya. Noti mpya zilipozinduliwa 2019 zikaja na jengo la KICC, lile la mikutano mjini Nairobi, na mbele ya jengo kuna sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. Watu wakaenda kortini wakasema huyo ni mtu, katiba imevunjwa, upande wa pili ukasema hilo ni jengo na sanamu yake, ni sehemu ya mji wa Nairobi. Mahakama Kuu ikatupilia mbali yale malalamiko. Mimi binafsi naona walalamikaji walikuwa na hoja yenye uzito, maana ukimwonyesha mtoto wa Kenya ile noti atakutajia jina la aliyekaa pale kabla hajakutajia jina la jengo. Ila ndo hivyo, kisheria sura ndani ya mandhari inahesabiwa kitu kingine.

Turudi kwenye dola mbili. Ule mchoro wa nyuma haukubuniwa kwa ajili ya noti, umetoka kwenye mchoro mkubwa wa rangi uliopo ndani ya jengo la bunge la Marekani, kwenye ule ukumbi wa duara chini ya kuba. Aliyeuchora ni John Trumbull wa Connecticut, mtu aliyepigana kwenye vita vile vile vya uhuru na akawa msaidizi wa Washington kwa muda mfupi. Bunge lilimpa kazi ya michoro minne mwaka 1817, dola 8,000 kila mmoja, na ikatundikwa ukumbini 1826. Mchoro wenyewe una upana wa mita tano na nusu hivi na kimo cha karibu mita tatu na robo tatu, watu wanakaribia ukubwa wa binadamu wa kweli. Weka hilo kichwani halafu fikiria ile noti inayoingia kwenye kiganja.

Ila huo mkubwa nao una mama yake. Trumbull alianza mchoro mdogo mwaka 1786 akiwa Paris nyumbani kwa Jefferson mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa balozi kule. Jefferson akamchorea kwa kalamu ramani ya chumba cha ule mkutano wa 1776 kule Philadelphia kwa jinsi alivyokikumbuka, miaka kumi baada ya tukio, na kumbukumbu yake ilikosea, ndo maana wanaojua lile jengo la Philadelphia wanasema milango kwenye mchoro haikukaa vile. Halafu Trumbull akazunguka miaka na miaka akitafuta watu waliohusika, akikutana na mtu anamchora uso pale pale kwenye kile kitambaa kidogo, anafunga vitu vyake anaondoka. Huo mdogo uko Chuo Kikuu cha Yale mpaka leo. Mimi hii sehemu ndo inayonigusa kuliko zote. Mtu ana jicho moja tu linaloona vizuri, jingine liliumia akiwa mtoto, na anasafiri jimbo kwa jimbo kukusanya nyuso kabla wenye nyuso hawajafa.

Na wengine walikuwa wameshakufa. Benjamin Harrison wa Virginia alikufa 1791 na Trumbull hakuwa na picha yake ya kufuatisha, akaambiwa mwanawe wa jina lile lile anafanana naye sana, basi akamchora mwana. Stephen Hopkins wa Rhode Island hivyo hivyo, alikufa 1785, hakuna picha, akachorwa mwanawe Rufus badala yake. Kwa hiyo ukimwona yule mzee wa nyuma kabisa aliyevaa kofia ya duara, huyo anaitwa Stephen Hopkins kwenye orodha zote, lakini uso ni wa mtoto wake. Sasa hapo useme umemtambua nani? Jina ni la baba na sura ni ya mwana, na orodha rasmi inasema baba, na ni sahihi kusema baba kwa sababu ndiye mchoraji aliyemkusudia. Kumtambua mtu kwenye mchoro maana yake ni kujua mchoraji alimweka pale awe nani. Kufanana kwa sura ni jambo la pili, na mara nyingine halipo kabisa.

Kingine ambacho wengi wanakosea, hata Wamarekani wenyewe, ni kudhani wale watu wanasaini. Hawasaini. Kinachoonyeshwa ni kamati ya watu watano ikikabidhi rasimu ya azimio mezani tarehe 28 Juni 1776. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2 Julai, maneno ya azimio yakapitishwa tarehe 4, na wengi wao walitia saini tarehe 2 Agosti. Waliosaini jumla ni 56. Kwenye mchoro kuna watu 47, na kati yao waliosaini ni 42 tu, kwa sababu Trumbull hakupata sura za wote. Wale watano waliobaki hawakusaini kabisa: John Dickinson aliyekataa, Robert Livingston aliyekuwa kwenye ile kamati, George Clinton, Thomas Willing, na katibu wa kikao Charles Thomson. Na wote hao 47 hawajawahi kukaa kwenye chumba kimoja kwa siku moja. Ule ni mkutano wa kumbukumbu, kama picha ya ukoo ambayo fundi anaunganisha wa Dar na wa Songea na babu aliyekwishalala.

Basi majina tunayajuaje? Kwa sababu mchoraji aliacha ufunguo. Kulitengenezwa mchoro wa mistari mitupu, vichwa bila rangi, kila kichwa na namba yake, na pembeni orodha ya majina. Mchongaji Asher Durand alipochonga nakala ya mchoro huo kwenye bamba, akamaliza 1823, watu walionunua zile nakala walihitaji kujua nani ni nani, na Trumbull mwenyewe alikuwa bado hai wa kuulizwa, alikufa 1843. Huo ufunguo ndo msingi wa kila orodha unayoiona leo. Kwa hiyo swali la nani ni nani pale lilijibiwa miaka 200 iliyopita na aliyewachora, na hiyo ni bahati kubwa, maana kuna michoro mingi ya kale ambayo wataalamu bado wanabishania majina.

Haya, hapa sasa ndo kwenye kiini. Kutoka ukutani mpaka kwenye noti mchoro umepita njia gani?

Njia yake ni bamba la chuma. Noti ya dola inachapwa kwa mistari iliyochongwa ndani ya bamba, wino unaingia kwenye ile mifereji, karatasi inagandamizwa kwa nguvu, wino unapanda juu ya karatasi, ndo maana ukipitisha kidole juu ya noti mpya unasikia mikwaruzo. Mchongaji hana rangi. Hana kahawia, hana nyekundu, hana rangi ya ngozi, ana mistari na nukta na wino mmoja, na kwa nyuma ya dola ni wa kijani. Anachoweza ni kuibananisha mistari pakawa kivuli au kuiachanisha pakawa mwanga. Mtu aliyekaa nyuma ya mwenzake au ambaye taa haimpigi anabananishiwa mistari. Kichwa chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, yaani mistari michache ikizidi, au wino ukikaa mwingi kidogo siku ya kuchapa, uso mzima unaingia giza.

Ndicho kilichompata yule aliyezungushiwa duara. Nenda kwenye ufunguo, tafuta nafasi yake, upande wa kushoto wa ile kamati ya watano, utakuta jina: Robert Morris wa Pennsylvania. Nenda kwenye mchoro wa rangi bungeni, pale pale alipokaa, ni mzungu kama wenzake wote. Weusi wa uso wake umeanzia kwenye bamba. Halafu kuna ushahidi ambao ule ujumbe wa wasap haukuujua kabisa, kwamba Robert Morris huyu huyu alishawekwa kwenye noti za Marekani peke yake, kwa picha kubwa: kwenye noti ya dola 1,000 ya miaka ya 1862 na 1863, na kwenye noti ya dola 10 ya 1878 na 1880. Kwa hiyo sura yake ipo kwenye pesa zile zile, tena kubwa. Hajafichwa.

Na ngoja niseme lililoniuma. Huyu Morris alizaliwa Liverpool 1734, akaja Amerika akiwa kijana, akawa tajiri sana wa meli na biashara pamoja na mshirika wake Thomas Willing, yule yule ambaye kwenye orodha ya Trumbull jina lake linafuatana na la Morris. Fedha na mikopo yake vilisaidia sana vita vya uhuru, hilo ni kweli, na mwisho wake alifilisika akafungwa kwa madeni kuanzia 1798 mpaka 1801. Lakini kampuni yao ya Willing na Morris ilifanya pia biashara ya kuuza watu, Waafrika waliovushwa bahari. Yaani ndugu zangu kwenye grupu walikuwa wanamshangilia mtu huyu kama ndugu yetu aliyefichwa, wakati yeye ni mmoja wa waliokuwa wanapata faida kwa kutuuza. Nilipofika hapo nilifunga laptopu nikatoka nje kwanza.

Fundo la pili, John Hanson. Huyu naye aliishi. Alikuwa mkulima na mwanasiasa wa Maryland, mzungu, mwenye watumwa. Mwaka 1776 hakuwa kwenye lile bunge la Philadelphia, aliingia 1780, kwa hiyo hakusaini Azimio la Uhuru na Trumbull hakumchora. Hayumo kwenye mchoro, na kama hayumo kwenye mchoro hawezi kuwemo kwenye noti. Alichosaini ni mkataba wa shirikisho wa mwaka 1781, ule uliounganisha majimbo, na Novemba mwaka huo akachaguliwa kuwa rais wa kikao cha bunge kwa muda wa mwaka mmoja. Hicho cheo kiliitwa kwa maneno yanayofanana na "Rais wa Marekani", ndo panapozaliwa utata, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza vikao, karibu na spika wa sasa, hakuwa na jeshi wala serikali ya kuamuru. Na hata kwa hesabu hiyo hakuwa wa kwanza kukalia kiti, mkataba ulipoanza kutumika aliyekuwa kwenye kiti ni Samuel Huntington, akafuata Thomas McKean, ndipo Hanson, ambaye ni wa kwanza kumaliza muhula kamili wa mwaka. Kufichwa hakufichwa pia. Sanamu yake iko ndani ya jengo lile lile la bunge tangu 1903, imewekwa na jimbo la Maryland.

Kitu kimoja cha ajabu hapo. Huyo McKean aliyemtangulia Hanson yumo kwenye mchoro wa Trumbull, amesimama ukingoni kabisa kulia, lakini kwenye noti hayumo! Mchoro mkubwa una upana ambao noti haiwezi, kwa hiyo walipouweka kwenye dola mbili walikata watu wa ukingo wa kushoto na wa kulia. Ukihesabu vichwa kwenye noti ukakosa 47 usidhani macho yako yamechoka, na ukichukua ufunguo wa mchoro ukaanza kuhesabu kwenye noti kutoka kichwa cha kwanza kushoto, utampa kila mtu jina la jirani yake. Makosa mengi ya mitandaoni yanatokea hapo. Anza katikati.

Fundo la tatu ni ile picha ya mzee mweusi. Hii ndo rahisi kuifungua, na ndo nzuri kuliko zote. Ni picha ya kamera, ya aina ile ya zamani iliyopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Teknolojia hiyo ilitangazwa Paris mwaka 1839. Hanson wa Maryland alikufa 1783. Miaka 56 inawatenganisha, hakuna namna mtu yule akapigwa picha. Aliyemo kwenye picha ni John Hanson mwingine, seneta wa Liberia kutoka Grand Bassa, na picha imehifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani ikiwa na jina lake na cheo chake, wazi, yeyote anaiona. Aliyeipiga ni Augustus Washington, mtu mweusi aliyezaliwa New Jersey, aliyekuwa na studio ya picha Hartford kule Connecticut, akafunga studio akahamia Liberia mwaka 1853 na familia yake, akaanza kuwapiga picha viongozi wa nchi hiyo changa, na baadaye yeye mwenyewe akawa mbunge na seneta.

Jamani, hebu tulieni hapo kidogo. Mpiga picha mweusi anampiga seneta mweusi, kwenye jamhuri iliyotangaza uhuru 1847, miaka zaidi ya 100 kabla ya nchi zetu nyingi. Hiyo ni historia kubwa. Na mtu akaichukua ile picha, akamvua yule mzee nchi yake na useneta wake, akamvalisha jina la bwana mmoja mwenye watumwa wa Maryland, ili aonekane wa maana. Kama ni kumficha mtu mweusi, ule ujumbe wenyewe ndo uliofanya hivyo.

Sasa kama una noti hiyo au picha yake safi, siyo ile iliyopita kwenye simu 50 ikavurugika, unaweza kuisoma mwenyewe. Anzia wale watano waliosimama katikati mbele ya meza. Kutoka kushoto wa kwanza ni John Adams, mkono kiunoni, anafuata Roger Sherman, kisha Robert Livingston, kisha Jefferson mrefu mwenye karatasi mikononi, kisha mzee Benjamin Franklin. Aliyekaa kwenye kiti mezani akiwaelekea ni John Hancock, mwenyekiti wa bunge, na aliyesimama karibu yake ni katibu Charles Thomson. Watu wanasema Jefferson anamkanyaga Adams mguu kwa kuwa baadaye walikuja kuwa mahasimu, lakini ukiukaribia mchoro miguu iko karibu tu. Miguu yenyewe iliwahi kuleta maneno, mbunge John Randolph wa Virginia aliudhihaki ule mchoro mwaka 1828 kwa wingi wa miundi iliyoonekana. Ukishawapata hao saba wa katikati, tafuta ile kofia ya Hopkins kule nyuma, halafu ndo utembee taratibu kwenda pembeni huku ufunguo uko mkononi. Sura ikikusumbua usibaki kwenye noti, rudi kwenye mchoro wa rangi, na mchoro ukikusumbua rudi kwenye orodha ya mchoraji, na jina likikusumbua uliza lile swali dogo la tarehe: mtu huyu alikuwa wapi Juni 1776?

Kwa njia, 1976 haikuwa mara ya kwanza mchoro huu kuingia kwenye pesa. Noti za benki za kitaifa za miaka ya 1860 zilibeba nyuma yake michoro ya ukumbi ule wa bunge, dola 5 ilikuwa na Columbus akitua, dola 20 ubatizo wa Pocahontas, na dola 100 ndo ilikuwa na hili Azimio la Trumbull. Kwa hiyo huyu Morris ameshapita bamba zaidi ya moja.

Mjomba nilipomtumia haya yote alinyamaza siku nzima, halafu akapiga. Akaniambia, "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Lakini kwani mweusi hakuwepo kabisa?"

Swali lake ni zito kuliko ule ujumbe. Nikamwambia kwenye mchoro hayupo, lakini kwenye pesa yupo na kwenye habari yenyewe yupo. Kwenye pesa, tafuta chini, kwenye saini. Blanche Bruce alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1841, akawa seneta wa Mississippi, na 1881 akateuliwa kuwa msajili wa hazina, cheo ambacho wakati huo saini yake ilikuwa inachapwa kwenye noti, akawa mtu mweusi wa kwanza saini yake kukaa kwenye pesa za Marekani. Baada yake wakaja wengine kwenye cheo hicho, akina Judson Lyons, William Vernon na James Napier, na mwaka 1977 Azie Taylor Morton akawa mweka hazina wa nchi nzima, mwanamke mweusi, saini yake ikatembea mfukoni mwa kila Mmarekani. Hizo saini zina majina yao, hazihitaji duara jekundu.

Na kwenye ile rasimu anayoikabidhi Jefferson pale katikati, kulikuwa na aya nzima inayolaani biashara ya watumwa na kumlaumu mfalme wa Uingereza kwayo. Iliandikwa na mtu ambaye maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Bunge likaikata yote. Kwa hiyo ukiangalia zile karatasi ndogo kwenye noti, siku ile ya tarehe 28 Juni ile aya bado ilikuwa ndani.

"Na yeye Jefferson alienda Philadelphia peke yake?" mjomba akauliza.

Hakwenda peke yake. Alikuwa na kijana wa miaka 14 anayeitwa Robert Hemings, mtumwa wake, aliyekuwa anamhudumia nguo na chakula mjini humo majira yale yale azimio lilipokuwa linaandikwa. Trumbull alizunguka majimbo akitafuta nyuso za watu wa siku ile, akachora hadi watoto badala ya baba zao. Uso wa huyo kijana hakuna aliyeuomba.

Mjomba akasema hilo jina niliandike kwenye grupu. Nikaliandika chini ya ile picha ya mama mdogo, herufi kwa herufi, Robert Hemings, na mwaka.